Hajatia Kitu Mdomoni

Mume wangu Abdulhadi alianza kuanguka kiangazi kilichopita, siku ya Ijumaa, katika joto ambalo hata mimi mtoto wa Mombasa lilinishinda. Alikuwa ametoka msikitini. Aliingia jikoni bila kuvua viatu, akafungua friji, akajimiminia juisi ya ukwaju na kuigugumia kwa mafunda yale yake makubwa ya mtu asiye na subira. Nikamsikia akiguna. Nilipogeuka alikuwa chini, glasi imevunjika, macho yamegeuka na kubaki weupe mtupu. Kabla sijamaliza yowe langu alikuwa amekwisha kufumbua macho, ananiuliza mbona ninapiga kelele. Akasema ni joto tu. Nilimwamini, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka iwe.

Abdulhadi ni dereva. Anaendesha gari la kuwapeleka wazee hospitali na kuwarudisha makwao, kutoka kwetu Saint Paul, huku Marekani, mpaka Woodbury, na siku nyingine mpaka New Hope, upande wa pili kabisa wa mji. Kwa hiyo aliporudi jioni moja na nundu kwenye paji la uso, akaniambia amejigonga mlangoni, nilimshika shati nikamwambia hapiti hapo mpaka aseme kweli. Akasema. Alikuwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta, amenunua soda iliyojaa barafu, na kitu cha pili anachokumbuka ni uso wake umelalia usukani na honi inalia. Injini ilikuwa imezimwa. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa kiti cha nyuma alidhani dereva wake anamwita mtu.

Nilimuuliza ingekuwaje kama angekuwa barabarani, mguu uko kwenye mafuta, na yule bibi nyuma. Nilichukua funguo za gari nikazificha ndani ya debe la mchele, na tangu siku ile roho yangu ikawa mkononi. Nilikuwa nikisikia kijiko kikianguka chumba cha pili ninakimbia.

Tulikwenda kliniki. Walimwambia aende asubuhi bila kula wala kunywa, wakamtoa damu, wakampima moyo, wakamulika kichwa. Kila kitu kilikuwa sawa. Daktari aliyekuwa na haraka zake alisema ni upungufu wa maji mwilini, akamshauri anywe maji kwa wingi. Abdulhadi alifurahi, akanunua chupa kubwa ya kubeba maji, na wiki ile akaanguka mara mbili.

Hapo ndipo mavyaa wangu alipoushika usukani. Bi Nasima, mama yake Abdulhadi, anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe, na sitaki mtu adhani kwamba namchukia. Sisi ni wanawake wawili wenye ndimi kali katika jiko moja dogo, basi. Yeye tangu mwanzo alisema mwanamume mzima, mwenye nguvu zake, haanguki bure kama gunia. Ana kitu kimemkalia. Na kitu hicho, kwa elimu yake, kilikuwa jini.

Akamwendea mwalimu mmoja msikitini, mtu wa Lamu, amwandikie kombe. Kwetu pwani hili si jambo geni. Aya huandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, na maji yale ya manjano akanywa mgonjwa. Mimi mwenyewe nimekunywa kombe zaidi ya mara moja, na nitakunywa tena. Bi Nasima alilitia lake kwenye chupa ya kioo, akaliweka friji nyuma kabisa, mahali pa baridi kali, lisiharibike. Kila asubuhi, kabla ya chai, Abdulhadi alisimama jikoni tumbo tupu, akasema bismillahi, akalinywa kwa mafunda matatu ya haraka.

Asubuhi ya kwanza tu alianguka.

Mimi nilipiga ukelele. Bi Nasima hakupiga. Alipiga magoti, akakiweka kichwa cha mwanawe mapajani, akasema alhamdulillahi. Akanitazama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Umeona, Saadia? Limeguswa. Haliwezi kuvumilia maneno ya Mungu."

Kuanzia siku ile sikuwa na la kusema likasikika. Siku aliyoanguka ilikuwa ushahidi kwamba jini linapigana. Siku ambayo hakuanguka ilikuwa ushahidi kwamba jini limechoka. Utabishana vipi na hoja ya namna hiyo? Nilibishana hata hivyo, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia Bi Nasima kwamba sina ugomvi na kombe, ugomvi wangu ni huu wa kusema daktari hana kazi tena. Akanijibu kwamba jini halionekani kwa mashine, na kwamba mashine zilikwisha kutazama na hazikuona kitu. Hapo, kusema kweli, alinishinda.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba Abdulhadi mwenyewe alianza kuamini. Nilipomwomba twende hospitali kubwa alikataa kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi. Ndugu yake wa Mombasa alikuwa amempatia bingwa wa kutoa majini, safari ilikuwa Jumamosi, na Bi Nasima alishaanza kutia nguo kwenye masanduku. Saa zote zile angani, na mtu anayezimia akiwa amesimama jikoni kwake. Nilijua moyoni kwamba akipanda ndege ile kabla ya kujulikana kinachomwangusha, sitamwona tena akiwa hai. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hofu tu, na hofu ya mke nyumbani kwetu haikuwa na uzito wa chupa moja ya kombe.

Jumatano asubuhi Bi Nasima alimwongezea dozi, apate nguvu za safari. Alimpa bilauri nzima. Abdulhadi aliishika, akasema bismillahi, akagugumia, na bilauri haijaisha magoti yakamlegea. Safari hii aligonga kichwa kwenye ukingo wa kabati. Midomo ikawa rangi ya jivu. Mikono ikarukaruka. Nilimwita jina na hakuitika, nikamwita tena, nikaweka sikio kifuani pake na sikusikia kitu ila kishindo cha moyo wangu mwenyewe.

Alirudi kabla ya ambulensi kufika, lakini damu ilikuwa inamtoka nyuma ya kichwa na mimi nilikuwa nimeshapiga simu. Wale vijana wa ambulensi hawakumuuliza kama anataka kwenda. Bi Nasima alivaa buibui lake, akanyakua mkoba, akapanda nasi. Sikumwona alipoitia ile chupa mkobani.

Hospitalini walimlaza wodi ya moyo, nyaya zimejaa kifuani, na juu ya kitanda skrini inayochora kila pigo. Nesi wetu alikuwa Mkisii, Kemunto, mwanamke mnene mchangamfu, na aliposikia jina la Mombasa akaanza kutusemesha Kiswahili chake cha bara. Nilitaka kumkumbatia. Akatuambia Abdulhadi asile wala asinywe chochote mpaka vipimo viishe.

Daktari wa moyo, Solomon, Mhabeshi mwenye sauti ya chini, alikuja akavuta kiti. Huyu hakuwa na haraka. Aliuliza maswali mengi, Kemunto akimtafsiria Bi Nasima. Aliuliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyekufa ghafla. Aliuliza alikuwa amekaa au amesimama, ana hasira au ametulia, ametoka chooni au ametoka kitandani. Mwisho akauliza alikuwa amekula au kunywa nini kabla ya kuanguka asubuhi ile.

"Sikuwa nimetia kitu mdomoni," Abdulhadi akasema. "Tumbo tupu kabisa."

Bi Nasima akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, ninayejua kubishia kila neno nyumbani mle, sikuona la kubisha. Hapakuwa na mwongo chumbani. Kombe hunywewa tumbo tupu, na aliyekunywa kombe bado yuko tumbo tupu. Si chakula, si kinywaji, ni dua. Mtu akikuuliza umekunywa nini asubuhi unamwambia chai au maziwa, humtajii dua uliyosoma. Daktari alilipokea jibu lile, akashukuru, akaenda zake.

Mchana kutwa skrini ilichora mapigo mazuri, yaliyopangana sawasawa. Alasiri Daktari Solomon alirudi na sura ya mtu anayetaka radhi. Moyo hauna kasoro. Damu haina kasoro. Kwa vile mikono ilirukaruka, huenda ni kifafa, na kesho atamkabidhi kwa madaktari wa kichwa wamwanzishie dawa, halafu arudi nyumbani. Nikamuuliza kama anaweza kupanda ndege Jumamosi. Alisema akianza dawa, pengine. Abdulhadi aligeukia ukuta. Nilimwona Bi Nasima akiushika mkoba wake na kuuvuta karibu.

Nilitoka kwenda kutawadha. Sikukaa. Nilipofungua mlango, uso ukiwa bado unatiririka maji, nilimkuta mavyaa wangu amesimama kando ya kitanda, chupa mkono mmoja, kikombe cha karatasi mkono wa pili, kimejaa vipande vya barafu na maji ya manjano. Abdulhadi alikuwa ameshakifikisha mdomoni. Nikasema, "Mama, amekatazwa." Akanijibu, bila hata kunitazama, kwamba amekatazwa kula na kunywa, hili ni kombe.

Funda la kwanza lilipita. La pili likapita. Nilikuwa ninaitazama skrini, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimeitazama mchana kutwa na macho yalikwisha kuzoea. Mstari ukanyooka. Haukupungua wala kuyumba, ulinyooka tu, ukaenda hivyo hivyo, na kengele ikaanza kulia, na kikombe kikaanguka, na shuka ikaenea manjano. Kichwa cha Abdulhadi kilikuwa kimelala bega la mama yake.

Kemunto aliingia mbio na watu wawili nyuma yake. Walimlaza chali, mmoja akaweka mikono kifuani tayari kubonyeza, na wakati huo huo pigo moja likaruka kwenye skrini, kisha la pili, kisha yakarudi yote. Abdulhadi akafumbua macho, akauliza mbona mahali pameloa.

"Limetoka," Bi Nasima alikuwa akisema. "Limetoka, mwanangu, limetoka."

Kemunto aliitazama shuka, akakiokota kikombe. "Mum, niliwaambia asikule wala asikunywe kitu. Amekunywa nini?"

"Hajanywa kitu," Bi Nasima akajibu.

Nililitambua jibu lile, ndilo lile la asubuhi, limesemwa kwa moyo safi vilevile, na safari hii mbele yangu kikombe kilikuwa kimelowa. Daktari Solomon alikuwa ameshaingia. Aliuliza ni nini kile cha manjano, na sauti yake ya chini ilikuwa imeingia ukali. Kemunto akamwambia mavyaa wangu atoe chupa, ikapimwe. Bi Nasima alielewa upesi wanachokidhani. Aliifutika chupa ndani ya buibui, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mmoja wa wale waliokuja mbio akasema kama ni sumu imwagwe, akaonyesha kwa kidole sinki la chooni, na wapime kilichobaki kwenye kikombe. Mavyaa wangu akanigeukia mimi, adui yake wa jikoni, akasema kwa sauti ya mtoto, "Saadia, wasiyamwage maneno ya Mungu chooni."

Nilimwendea nikanyoosha mkono. Nilikuwa na hasira naye hata meno yalikuwa yananiuma, lakini chupa ile ningeipokea kwa mikono miwili hata kama ningekuwa ninakufa. Alinipa. Nikaifunga, nikaitia kwenye mkoba wangu, nikamgeukia daktari.

"Si sumu," nikamwambia. "Ni maji yenye zafarani na waridi, tunayanywa kwa dua. Leo asubuhi aliyanywa pia, glasi nzima, kutoka kwenye friji. Tulipokwambia hajanywa kitu hatukukudanganya, hatuyahesabu." Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka na mengine yakifuata nyuma yake, ya wiki zote zile. "Kwenye gari alikuwa anakunywa soda ya barafu. Ijumaa ya kwanza ilikuwa juisi. Kliniki walimwambia anywe maji, akanunua chupa kubwa, akazidi kuanguka. Daktari, kila mara alikuwa anameza kitu baridi."

Daktari Solomon alikwenda kwenye skrini, akairudisha nyuma, akautazama ule mstari ulionyooka kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alisema analo wazo, lakini lazima alione kwa macho yake, na ili alione Abdulhadi atalazimika kunywa tena.

Bi Nasima alipotafsiriwa alilia kwa nguvu. Mimi sikulia, nilimuuliza daktari kama akili zake ziko sawa. Akanieleza polepole: watabandika kifuani vibandiko vya mashine ya kushtua moyo, watasimama wote pale, na watatumia maji ya bomba, maji matupu. Iwapo ni kifafa, au ni kitu kilichomo ndani ya chupa ile, maji matupu hayatafanya lolote. Aliyekubali ni Abdulhadi. Aliketi, akasema amechoka kuwa mtu asiyejua anaugua nini.

Kwanza wakampa maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja. Skrini haikubadilika. Wakampa kikombe kidogo cha maji ya kawaida, na mapigo yakapungua kidogo, yakarudi. Kisha Kemunto akaleta maji ya barafu. Nilimshika mavyaa wangu mkono, au yeye alinishika, sijui nani alianza. Abdulhadi akasema bismillahi, akagugumia kama kawaida yake.

Mstari ukanyooka.

Hakuna aya iliyokuwa mle, hakuna zafarani, hakuna waridi. Yalikuwa maji ya bomba ya Saint Paul. Bi Nasima aliyatazama macho ya mwanawe yakigeuka na vidole vyake vikaingia kwenye nyama ya mkono wangu. Alama zilikaa siku kadhaa. Kisha pigo likaruka, na jingine, na Abdulhadi akarudi.

Daktari alitueleza sote. Kuna neva inayoshuka kutoka kichwani, ikipita kooni kwenda moyoni, na kwa watu wachache sana, wakimeza kitu, hasa cha baridi na kwa funda kubwa, neva ile huuamuru moyo usimame. Damu haifiki kichwani, mtu anazimia. Wapo wanaozimia wakikohoa, wapo wanaozimia wakikojoa, wapo hata wasichana wanaozimia wakichanwa nywele. Vipimo havioni kitu kwa sababu mgonjwa hupimwa akiwa hajala wala hajanywa, na moyo wenyewe ni mzima. Watamtazama koo na umio kwa kamera wahakikishe hakuna kingine, kisha watamwekea chini ya ngozi, karibu na bega, kifaa kidogo cha kuuchochea moyo upige unapotaka kusimama. Mpaka siku hiyo anywe vya uvuguvugu, kidogo kidogo, akiwa amekaa. Safari ya Jumamosi haipo.

Walipotoka, Bi Nasima alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. "Nilikuwa ninamuua mwanangu," akaniambia. "Kwa mkono wangu huu, Saadia. Kila asubuhi, na nikimshukuru Mungu."

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwangu, nimelinoa kwa wiki nyingi. Nilinyamaza, si kwa wema, ni kwa kuwa nilijua nikianza sitaacha. Hasira ilipopungua kidogo nilimwambia lile ambalo pia lilikuwa kweli. Kesho wangemtoa na vidonge vya kifafa, naye angepanda ndege akiomba soda ya barafu. Amempa kombe mbele ya mashine, na mashine ikaona. Sidhani kama lilimfariji. Hakugusa kikombe wala glasi tena wodini mle. Mwanawe akitaka maji ananiita mimi, na yeye anatoka nje.

Kifaa kiliwekwa Ijumaa. Jumamosi, saa ambazo ndege ile ilikuwa inaondoka, Daktari Solomon alikuja akasema limebaki jambo moja kabla hatujarudi nyumbani. Kifaa kinasoma vizuri, lakini anataka kukiona kikifanya kazi yake. Abdulhadi anywe kitu baridi.

Nilimwona mume wangu akishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Bi Nasima aliinuka kwenda mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake sasa. Kemunto alikuwa ameshatia barafu kwenye kikombe, anatafuta bomba.

Nilifungua mkoba wangu nikatoa chupa. Ilikuwa imebaki nusu. Nilimuuliza daktari kama inafaa, akasema kwake yeye maji ni maji, bora yawe baridi. Nikamimina juu ya barafu, nikamfuata mavyaa wangu mlangoni, nikampa kikombe.

"Siwezi," akasema.

"Mama," Abdulhadi akaita kutoka kitandani. "Nipe wewe."

Alirudi hatua kwa hatua, kombe likimdondokea kwenye buibui. Alikishika mpaka mdomoni pa mwanawe. Abdulhadi akasema bismillahi, akameza. Mimi niliitazama skrini. Mstari ulinyooka, na hapo kikatokea kijistari kimoja chembamba, cha wima, alama ya kile kifaa, na pigo nyuma yake. Kikatokea kingine, na kingine. Bi Nasima hajui kusoma skrini. Yeye aliyatazama macho, akingoja yageuke.

Hayakugeuka. Abdulhadi alimaliza kikombe kizima, akajifuta ndevu.

"Mama," akasema, "hili la leo lina baridi mno."

Bi Nasima alimpiga kofi kwenye bega lile lisilo na kifaa, kofi la mama aliyetishwa na mtoto wake, kisha akaketi sakafuni na kikombe kitupu, akalia kwa sauti bila kujali nani yupo. Nikamtafutia kiti, akakataa kuinuka. Nikaketi naye sakafuni.